Yule Bubu wa San Andreas

Umeme wa Unguja ulipokatika tarehe 10 Desemba 2009, binamu yangu alikuwa amesimamisha gemu ya GTA San Andreas pabaya kuliko pote. CJ, yule unayemchezesha, yuko mashamba, keshaiba benki na mwanamke jambazi aitwaye Catalina, na mbio za magari alizokuwa anaziendea ndizo ambazo kila mtoto katika banda la gemu pale Mwembetanga alizitolea macho, kwa sababu ndimo anamotokea bubu.

Bubu mwenyewe ni Claude. Asiyemjua ajue hivi: ndiye mtu mkuu wa GTA III, gemu iliyotoka mwaka 2001, na toka mwanzo mpaka mwisho hafumbui mdomo. Hata jina humo ndani haitwi. Hadithi inaanza yeye na Catalina wanatoka kuiba benki; Catalina anamgeuzia bastola, anampiga risasi, anamwacha chini kama kiatu kilichokatika. Askari wanamkamata, msafara wao unavamiwa darajani, anatoroka pamoja na mfungwa mwenzake, 8-Ball, mwenye mikono iliyofungwa bendeji, na kuanzia hapo ni kumsaka yule mwanamke. Jina la Claude lilikuja kujulikana kwenye San Andreas, iliyotoka mwaka 2004, pale Catalina anapomtaja mbele ya CJ. Sasa shika hesabu. Mambo ya San Andreas yanatokea 1992, na yale ya namba tatu ni 2001. Katikati kuna miaka 9 ya Claude na Catalina ambayo hakuna gemu iliyoisimulia. Humo ndimo tulimohamia sisi katika miezi ile ya giza.

Giza lenyewe watu wa Unguja hawahitaji kukumbushwa. Hitilafu ilikuwa ya waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara hadi Fumba, na tulikaa hivyo mpaka Machi 2010. Mwaka mmoja na ushei nyuma, 2008, tulikuwa tumeshakaa kama mwezi mzima vilevile, kwa hiyo wakubwa walijua la kufanya: kandili zikashushwa, madumu yakapangwa uani, maana pampu za maji nazo zilikuwa hazina umeme. Jamaa zetu wa Pemba, waliokuwa na mashine zao wenyewe za umeme pale Wesha, walitucheka walivyotaka.

Banda likafungwa. Tulichobaki nacho ni maneno, na baraza ya nyumba ya bibi.

Hapo inabidi niseme jambo moja juu ya banda la gemu. Ulikuwa unalipia dakika. Kwa hiyo kila hadithi ilipoanza, watu wanaposimama na kuzungumza, mchezaji alibonyeza pedi kuiruka, na asipofanya hivyo walio nyuma yake walimpigia kelele. Tulikuwa tunawajua watu wa San Andreas kwa gari zao na bunduki zao. Waliyokuwa wakiyasema tuliyaokota vipande vipande. Wapo waliokwisha shindana na Claude na kumshinda, lakini hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni kwa utulivu akatwambia kama midomo inacheza.

Basi kila baada ya sala ya isha, hoja ilikuwa hiyo. Binamu alisema Claude alikatwa ulimi na wakubwa wa Catalina ili asije kuwataja. Kijana mmoja wa Kikwajuni, mrefu, mwenye sauti ya kuvunjika, alisema si ulimi, ni yamini: aliua mtu asiyestahili, akaapa hatosema tena. Mwengine, mtoto wa muuza kahawa, alikuja na lake, na mpaka leo naliona la akili: huyu ni shahidi wa polisi aliyefichwa, ndiyo maana hana jina wala kwao. Langu mimi lilikuwa fupi. Nilisema hajui Kiingereza. Wanamwambia kaibe gari fulani, anatikisa kichwa na kwenda, kama sisi skuli mwalimu akituuliza kwa Kiingereza tukaitikia "yes" bila kujua tumekubali nini. Walinicheka sana, lakini hakuna aliyeweza kuniangusha.

Bibi alikuwa anakaa kizingitini, anachambua mchele kwa mwanga wa kandili, na sikuwa na habari kama anatusikiliza. Usiku mmoja akauliza, kichwa hakuinua:

"Huyo bubu wenu, mtoto wa nani?"

Tukatazamana. CJ tulikuwa na majibu yake yote: mama yake kauawa, gemu yenyewe inaanza anarudi kumzika; ana kaka, ana dada, kuna ndugu mwengine aliyekufa zamani, kuna nyumba yao pale Grove Street na majirani wanamjua. Claude hana hata mtu wa kumwamkia.

"Hatujui, bibi."

"Na huyo mwanamke, kamuoa?"

"Hatujui."

"Miaka tisa hawana mtoto?"

"Hatujui, bibi."

"Sasa mnagombana kwa lipi?"

Akauweka ungo pembeni. Bibi alikulia Makunduchi, na shangazi yake alikuwa bubu kweli, wa kuzaliwa. Akatueleza kwamba bubu hasemi, lakini hatulii: mikono inasema, macho yanasema, ukimuudhi hupiga mguu chini mpaka mtaa wa pili wajue. Yule shangazi yake, akidai fedha yake ya ukili, mnunuzi alikuwa anaipata salamu hasa. Akatuuliza kama Claude anatumia mikono. Tukafikiri. Mikono yake anatumia kupigia watu tu.

"Basi si bubu huyo. Ananyamaza. Mwulizeni anaficha nini."

Hapo ndipo binamu aliposhikwa na wazimu wa kutaka kuiona ile hadithi, ya mwanzo na ya mwisho, pasina kubonyeza.

Ami, mwenye banda, naye alikuwa kachoka kukaa bure. Akaazima jenereta ndogo kwa usiku mmoja, akatangaza bei mpya ambayo nisipoitaja itakuwa heri kwake. Tukachanga. Jenereta ikawekwa uchochoroni, imefungwa mnyororo kwenye nondo za dirisha kwa sababu ya wezi, na moshi wa petroli ukawa unaingia ndani moja kwa moja. Kioo cha televisheni kilikuwa kinajikunja. Kila jenereta ikikohoa, picha inasinyaa kutoka pembeni na CJ anakuwa mwembamba. Watu walijaa hadi mlangoni. Binamu akachomeka memori kadi yake kwa adabu, akapulizia kwanza, na Ami akatoa sheria: atakayegusa kitufe hadithi ikiendelea, anatoka na pesa yake hairudi.

Claude huyo, kasimama kando ya Catalina. Koti lake jeusi, suruali ya mifuko mikubwa. Catalina anamwaga maneno, CJ anamjibu, na yeye yupo tu. Kijana wa Kikwajuni alikuwa kaweka uso karibu na kioo hata tukampiga kofi la kisogoni. Midomo haikucheza. Binamu akacheza mbio, akapindua gari porini, banda zima likalia kwa ajili ya petroli iliyokuwa ikiteketea. Akarudia. Safari hii akashinda.

Sikumwona bibi akifika. Nilisikia tu watu wanasema "pisha, pisha," nikageuka, kasimama mlangoni na kanga yake kichwani, pua kaiziba kwa upindo. Alikuwa katufuata kwa ajili ya madumu ambayo tangu alasiri hatukuyajaza. Ami akamwamkia, akataka kumtolea kiti, yeye akakataa kwa mkono, lakini macho yalikuwa kwenye kioo. CJ alikuwa anakabidhiwa hati ya gereji iliyoko San Fierro, mji mwengine wa humo kwenye gemu, ndiyo tuzo yake ya kushinda.

"Anapewa nini?"

"Gereji, bibi. Ya yule anayenyamaza."

"Nzima?"

Mtoto wa muuza kahawa alikuwa keshafika San Fierro kabla ya umeme kukatika. "Mbovu, bibi. CJ akifika anakuta gofu, anaona kadanganywa."

Bibi akacheka kwa sauti. "Na nyinyi wiki zote hizi mnamtafutia ulimi! Mwenye kuuza kiharabu ataongea nini? Akifungua mdomo si ataulizwa mapaa." Akanishika sikio mimi, binamu akafuata mwenyewe, na hadithi iliyobaki walioiona ni wengine. Tulijaza madumu kisima cha msikitini hadi usiku mkubwa.

Kuanzia kesho yake nadharia ya bibi ndiyo iliyoshika mtaa. Claude akawa dalali. Miaka 9 ile wakaijaza kwa mali mbovu: gari zilizogongwa, nyumba za watu, na Catalina msemaji wake. Ndiyo maana kampiga risasi, walisema. Kachoka kusema yeye peke yake. Umeme uliporudi, Ami akaleta gemu la mpira, na Claude akapoteza watu.

Mwaka 2011, GTA III ilipotimiza miaka 10, Rockstar, waliolitengeneza gemu lenyewe, waliulizwa kwa nini Claude hasemi. Walijibu kwamba kwa kiasi fulani walitaka mchezaji ajione yeye, lakini hasa walikuwa na matatizo mengine mengi ya kutatua na hilo halikuonekana kubwa. Nilimpelekea binamu habari hiyo. Yeye sasa yuko Muscat. Akanijibu kwa sauti, dakika nzima, kwamba hayo ni maneno ya dalali, na kwamba hoja iliyobaki ni ya Maria. Mwisho wa namba tatu, Catalina keshakufa, Maria anatembea na Claude huku akilalama juu ya ukucha na nywele zake. Picha inazimika na unasikika mlio wa risasi. Binamu anashikilia kwamba Claude kapiga hewani, kumnyamazisha. Mimi nasema kamuua.