Wiki ya 14: nakisi ya kalori 400 iliyomezwa na chupa ya mafuta

Leo asubuhi wastani wa uzito wangu wa siku saba umefika kilo 91.3. Wiki sita zilizopita ulikuwa 93.4. Nimefurahi mno, maana kabla ya hapo mizani iligoma mwezi mzima, ikicheza kwenye 93 na ushei, nami naandika kila ninachokula.

Hesabu ya mwanzo ilikuwa hivi: kilo 94, sentimita 172, miaka 38. Fomula ya Mifflin-St Jeor, inayokadiria kalori ambazo mwili unatumia kwa siku ukiwa umepumzika, inatoa 1,830. Nikizidisha kwa 1.4 kwa sababu kazi yangu ni ya kukaa, napata kama kalori 2,560 ninazotumia kwa siku. Wiki tatu za kwanza nilikata 1,000. Wiki ya kwanza kilo mbili ziliondoka, nyingi zikiwa maji, kwani wanga uliohifadhiwa mwilini ukipungua unaondoka na maji yake. Wiki ya tatu nilikuwa silali vizuri, kichwa kinagonga, na kila ikifika Jumamosi nakula kama natoka kufunga. Nikaacha. Kwangu mimi, kukata 1,000 ni kukopa Jumatatu na kulipa na riba Jumamosi.

Nikapunguza nakisi, yaani kalori ninazokata kwa siku, hadi 400. Wiki nne, hakuna kitu! Nusura nirudi kwenye 1,000.

Kilichoniokoa ni chupa ya mafuta ya alizeti. Siku moja mke wangu anataka kukaanga dagaa na mchicha, nikaiweka chupa kwenye mizani ya jikoni kabla hajaanza, nikaiweka tena alipomaliza. Tofauti: gramu 92. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, kwa hiyo 828 zimeingia kwenye sufuria. Hata nikigawa sawa kwa watu wanne, fungu langu ni 207. Na mimi nilikuwa naandika kijiko kimoja cha chakula kwa sufuria nzima, kalori 120, yaani 30 kwangu. Pengo ni 177 kwa mlo. Mchana na usiku, 354. Nakisi yangu yote ilikuwa 400!

Nilikaa jikoni nikairudia hesabu hiyo mara tatu. Namba niliyochagua haikuwa na kosa lolote. Ningekata 1,000 tena ningekuwa nautesa mwili kwa kosa la kalamu.

Mke wangu aliniambia wazi, "Mume wangu, mboga isiyo na mafuta watoto hawaigusi." Ana haki. Tukakubaliana gramu 40 kwa sufuria, zinapimwa kwenye kikombe kidogo kabla moto haujawashwa. Tangu siku hiyo mizani inashuka. Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhesabiwa kama kalori 7,700. 400 kwa siku kwa wiki sita ni kilo 2.18. Mimi nimepungua 2.1.

Kuhusu vifaa: mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja imenisaidia kuliko programu yoyote ya simu. Programu niliyokuwa natumia ina aina kumi na kitu za mkate, lakini mchicha wa nazi haumo. Sasa naandika kwenye daftari. Mizani ya kupimia mwili nayo iwekwe kwenye sakafu ngumu, kamwe si juu ya mkeka.

Nilipanga leo niandike kuhusu protini, lakini tangu jana akili yote iko kwenye ugali. Unga mkavu gramu 500 umetoa ugali wa gramu 1,400, kwa hiyo gramu 100 za ugali ni kama kalori 130. Ili kupima bila kuhamisha chakula, nimeziandika sufuria zetu chini kwa rangi uzito wake zikiwa tupu: ile kubwa gramu 812, ya maharage 540. Bado kikaango. Jumamosi tuna samaki wa kukaanga, na nataka kujua mafuta kiasi gani yanabaki na kiasi gani wanaondoka nayo.