Alhamisi ya maswali: kumbukumbu ya mradi wangu na Form Two (wiki 1 mpaka 9)

Wiki ya 1

Haya, nimeanza. Nafundisha fizikia Form Two hapa Moshi, darasa lina watoto 54, na tangu mwaka jana nilikua na hamu ya kuwapa muda wahangaike na kitu wanachokitaka wenyewe, sio changu, sio cha silabasi. Wazo sijalitunga mimi. Kuna kampuni ya Marekani inaitwa 3M, tangu 1948 inawaachia wafanyakazi asilimia 15 ya muda wao wafuate mambo yao, Google nao wakaja na asilimia 20, walimu wa huko wakalidaka wakaliingiza darasani. Sasa ratiba yetu ina vipindi 40 kwa wiki, asilimia 20 ni vipindi 8, ningefukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Nilichopewa ni vipindi viwili vya mwisho vya Alhamisi, dakika 80, tena nimemuahidi mkuu kwamba silabasi haibaki nyuma maana mwisho wa mwaka kuna mtihani wa taifa. Asilimia 5. Si haba.

Nikawaambia kila mtu aandike mradi anaoutaka. Nakusanya karatasi, 31 wameandika kuku. Thelathini na moja! Wengine mchicha, wawili sungura. Nimekaa stafu najiuliza hivi hawa watoto wanapenda kuku kiasi hiki? Mwalimu wa kilimo akanicheka, akasema we si umewaambia mradi, mtoto wa Tanzania ukimtajia mradi shuleni anasikia EK. Kweli bana. Nyerere alivyoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka mtoto afikiri pia, ila kilichobaki kwetu ni jembe na banda.

Wiki ya 2

Neno mradi nimelifuta. Nimeandika ubaoni: Nyumbani kwenu kuna kitu gani hukielewi? Kimya cha msibani. Mwisho mmoja akanyoosha mkono, "Madamu, tuandike kwa Kiingereza?" Nikasema kwa Kiswahili, hata Kichagga ruksa, ntatafuta wa kunitafsiria. Hapo ndo kalamu zikaanza kukimbia, na mimi nikajisikia vibaya kidogo, kumbe miezi yote ile nilikua nadhani hawana maswali.

Nikawapa na kisa cha Art Fry wa hapohapo 3M. Alikua mwanakwaya, vikaratasi anavyoalamishia nyimbo vinamdondoka kila Jumapili, akakumbuka gundi ya mwenzake Spencer Silver, ya tangu 1968, gundi ambayo haishiki sawasawa na watu walikua hawajui waifanyie nini. Ndo vikatoka vile vikaratasi vya njano vya kubandika na kubandua. Nusu ya darasa langu wanaimba kwaya, kwahiyo kero ya vikaratasi hawakuhitaji kuelezwa.

Maswali matatu niliyoyapenda: kwanini bibi anaweka magome ya mti wa msesewa kwenye mbege (pombe yetu ya ndizi), kwanini redio ya babu ukiigusisha na bati inashika stesheni vizuri, na maji ya mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba) yanaishia wapi kabla hayajafika kwetu.

Wiki ya 3

Nimeitwa ofisini. "Mwalimu, nasikia unafundisha kupika pombe." Ilibidi nimuite binti mwenyewe, akaamkia, akasimama wima akaeleza ndizi zinavyochemshwa, ulezi unavyooteshwa, na kwamba yeye swali lake ni la magome, pombe yenyewe hata hainywi. Mkuu akamuuliza maswali matano ya kwake mwenyewe (huyu mzee anaijua mbege vizuri sana, tuishie hapo). Tumeruhusiwa, ila kupika hakuna. Binti atahoji mabibi wikiendi.

Wiki ya 4 na 5

Nimeharibu, naandika ili nisisahau. Wavivu walikua wameanza kupiga stori, nikatangaza kwamba hii kazi itakua na maksi 20. Daah. Alhamisi iliyofuata makundi sita yameleta ripoti moja, neno kwa neno, hadi kosa la spelingi ni lilelile, na nasikia imeandikwa na kaka wa mtu. Binti wa mbege kaacha magome yake anatengeneza volkano ya makaratasi. Namuuliza vipi tena, ananiambia "Madamu, hii ina maksi za uhakika."

Chuo tulisoma ule utafiti wa 1973 wa Lepper na wenzake, watoto wanaopenda kuchora wakaahidiwa zawadi ili wachore, baadaye wakiachiwa muda huru wakachora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Mtihani wa hiyo topiki nilifaulu kabisa. Na bado nimeingia mzimamzima.

Wiki ya 6

Maksi nimezifuta. Kuna walioniona kigeugeu, na wana haki yao. Volkano imeenda jalalani, msesewa umerudi.

Wiki ya 7

Mvua. Hamna kitu.

Wiki ya 8

Hii ndo wiki. Jumamosi nimepanda na vijana watatu wa mfongo mpaka kwao, Old Moshi. Swali lao lilishabadilika, sasa hivi wanasema waziwazi kwamba jirani wa juu anaiba maji siku ya zamu yao. Tukaanza kwa meku, yaani mzee, anayesimamia mfongo, tukaamkia, tukaeleza, akatuangalia na machungwa yetu mkononi, akasema endeleeni.

Chungwa ni zuri kwa hii kazi kwa sababu linazama karibu lote, upepo haulisukumi. Unanyoosha kamba mita 10, unaliachia, unahesabu sekunde. Simu ilikua yangu maana wao shuleni hawaruhusiwi. Juu, chini kidogo tu ya lango la huyo jirani: sekunde 16, upana sentimita 40, kina 15. Maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini yanayosuguana na udongo, kwahiyo unazidisha na 0.85, jibu ni kama lita 32 kwa sekunde. Walikokotoa wenyewe nyuma ya daftari, mmoja amechuchumaa, wawili wanambishia. Kule chini kwao: sekunde 26, kina 13, lita 17.

"Si unaona madamu!" Nikasema naona, ila lango lake si hilo hapo juu yetu, limezibwa kwa gogo la mgomba na udongo, na lita 32 tumezipima baada ya lango. Wakatazamana. Nilitamani kuongea nikajiuma ulimi, na kwa mwalimu hiyo ndo kazi ngumu kuliko zote. Mmoja akachukua chungwa akaanza kushuka nalo, anapima kipande kwa kipande, hadi kwenye mparachichi mmoja mkubwa ambapo baada yake chungwa likapoa ghafla. Tukashuka chini ya ukingo, udongo umelowa, majimbi yamestawi ajabu. Mizizi imetoboa ukingo, maji yanapita kwa chini.

Yule kijana mwenye shamba akanyamaza muda mrefu. Kwao hawajasalimiana na huyo jirani tangu Pasaka.

Wiki ya 9

Amesema kaenda na baba yake, wameziba kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, na jirani alikuja na koleo lake. Zaidi ya hapo hakusema, sikumuuliza.

Redio imekufa kabisa, babu hajaambiwa. Mabibi wanne wamehojiwa, watatu wanasema bila msesewa mbege haina ukali, wa nne anasema hao watatu hawajui kupika. Na yuko mmoja wa kuku ambaye tangu wiki ya 1 hajabadilisha, nimemuuliza mara tatu, anapenda kuku kweli, nimemwacha.

Meku ametuma salamu, anataka tukapime na mfongo wa ng'ambo. Machungwa sita niliyonunua Mbuyuni nimeyakuta maganda.