Picha ya ukingoni

Sharti la mume wangu lilikuwa moja tu: safari iwe ya mlima, picha zifuate. Langu lilikuwa kinyume chake, ila sikulitamka. Picha za harusi yetu tunazo nyingi mno, na karibu kila moja imejaa watu; kuna shangazi mmoja ambaye ametokea mara nyingi kuliko bwana harusi. Kwa hiyo tulipopata nafasi ya kwenda Cape Town, mwezi wa Februari, nilikuwa nimekwishaamua kimoyomoyo kwamba tutapanda Table Mountain na kushuka na picha zetu sisi wawili, bila shangazi.

Nilianza maandalizi kama wanavyoanza wengi, yaani kwa kukusanya picha za watu wengine. Haikuchukua muda simu yangu ikajaa wapenzi waliosimama kwenye kingo za majabali, gauni likipepea, mikono imetanuliwa, chini yao hakuna kitu ila hewa. Nilichokitaka ni hicho hicho. Ukingoni, Atlantiki nyuma yetu. Nikachora hata mapozi kwenye karatasi, watu wa vijiti, yeye hapa, mimi pale. Mume wangu aliiangalia ile karatasi, akasema nimemchora akiwa na kichwa kikubwa, akaondoka.

Mpiga picha nilielekezwa na rafiki. Alikuwa dada wa huko huko Cape Town, mpanda milima kwanza na mpiga picha baadaye, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Mlima ule uko ndani ya hifadhi ya taifa, na anayepiga picha kwa malipo lazima awe na kibali; chake kilikuwa tayari. Droni, akaniambia kabla sijauliza, nisahau, haziruhusiwi. Nikamtumia picha nilizokusanya na ile michoro yangu. Hakusifia wala hakuponda. Alijibu kwa maswali. Mnatembea umbali gani kwa kawaida? Viatu vya mlimani mnavyo, na vimeshazoea miguu au ni vipya? Mnaamka saa ngapi bila kugombana? Nani kati yenu anaogopa kuwa juu?

Hilo la mwisho nilitaka kulijibu papo hapo: hakuna. Mume wangu alikuwa kando yangu anakunja nguo. Akanyoosha mkono, akachukua simu, akabonyeza pa kurekodi sauti, na kwa sauti ya mtu anayetaja namba ya kitambulisho akasema, "Mimi ninaogopa. Tena si kidogo." Akanirudishia simu, akaendelea kukunja.

Niliishiwa maneno. Miaka yote ile ya ndoa! Ndipo vitu vikaanza kujipanga kichwani. Hotelini huomba chumba cha chini, nami nilidhani ni kwa ajili ya kukwepa lifti. Kwenye daraja la waenda kwa miguu hutembea katikati kabisa, nami hudhani anajali watu wanaopita pembeni. Tukialikwa kwa mtu mwenye baraza ya ghorofani, yeye ndiye hujitolea kukaa ndani na watoto.

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Hujawahi kuniuliza, mke wangu. Huyu dada ameuliza."

Nilikasirika kidogo, nikiri. Si kwa sababu ya woga wake, bali kwa sababu mtu baki alikuwa amelipata kwa ujumbe mmoja jambo ambalo mimi nililala nalo kitanda kimoja bila kulijua. Hasira ilipopoa tukakaa chini, kwa mara ya kwanza wote wawili, na ile karatasi ya vijiti tukaiweka pembeni.

Mambo yakabadilika kuanzia kwenye njia yenyewe. Mimi nilikuwa nimevutiwa na India Venster, kwa sababu mandhari yake ni wazi na picha zake zinatisha vizuri. Lakini njia ile ina mahali pa kukwea kwa mikono, na minyororo ya kushikilia. Mpiga picha akapendekeza Platteklip, bonde jembamba lililochanja uso wa mlima upande wa mji. Ni njia ya zamani kuliko zote. Inasadikika ndiko alikopitia Mreno António de Saldanha mwaka 1503. Urefu wake ni kama kilomita tatu, na unapanda takriban mita 700, karibu zote kwa ngazi za mawe. Inachosha magoti, lakini una kuta za mwamba kulia na kushoto, na huoni shimo la kukutoa roho. Mume wangu alisoma maelezo hayo mara mbili, kisha akasema njia ile inaonekana ya heshima.

Ikaja hoja ya saa. Mimi nilitaka machweo, nani asiyetaka? Dada yule akanieleza taratibu kama anayemweleza mtoto. Wakati wa kiangazi cha kule, upepo wa kusi-mashariki huvuma kwa nguvu. Husukuma hewa yenye unyevu kutoka baharini, hewa ile ikigonga mlima hupanda zaidi ya mita elfu moja, hupoa, na unyevu wake hugeuka wingu. Wingu hilo hutandaa juu ya ule uwanda kama kitambaa cha meza, likamwagikia upande wa mji na kuyeyuka lishukapo kwenye joto. Ukiwa mjini unalishangilia. Ukiwa ndani yake humwoni hata uliyemshika mkono. Tena upepo ukizidi, magari ya nyaya yanayopandisha na kushusha watu husimamishwa, na aliyekwenda kupiga picha za machweo anajikuta anashuka bonde gizani na gauni begani. Kwa hiyo ni alfajiri, na tusipange siku ya mwisho ya safari. Tupange ya mwanzoni, ili kukiharibika kubaki na siku za akiba.

Ushauri huo wa siku za akiba ningeuchonga kwenye mlango wa kila anayepanga picha za mlimani. Siku tuliyoichagua, tuliamka tukatazama dirishani na mlima haukuwepo. Kulikuwa na blanketi jeupe linalotiririka. Tukarudi kulala. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, tukaenda ufukweni.

Nguo nazo zilitugombanisha, lakini mimi na mpiga picha, si mimi na mume wangu. Nilikuwa na gauni jeupe refu. Akasema mwamba wa pale ni wa mchanga, wa kijivu kinachoelekea weupe, na ukungu ukija hata kidogo nitapotea nibaki kichwa kinachoelea. Akataka rangi ya moto. Nikabadilisha nikachukua gauni jekundu, jepesi, la kuvalia juu ya suruali ya kubana, na viatu vya mlimani nisivivue hata kwa picha moja. Mume wangu yeye alivaa shati la bluu iliyokoza, akamaliza. Wanaume wana raha zao.

Hatimaye utabiri ukasema asubuhi itakuwa tulivu na upepo utaanza baada ya saa sita mchana. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa mwanzo wa njia na taa za kichwani, mimi, mwenzangu, mpiga picha na msaidizi wake aliyebeba lenzi na maji. Kupanda kwenyewe sina mengi ya kusema. Ni ngazi, kona, ngazi. Jua lilichomoza tukiwa katikati, saa kumi na mbili na robo hivi, lakini ndani ya bonde tulibaki kivulini na tulishukuru. Mume wangu, ambaye kila mahali hutembea mbele yangu, safari hii alikuwa nyuma yangu, macho kwenye visigino vyangu, akisema akiona visigino haoni kingine.

Tulitokea juu kukiwa na baridi ya kushtua, nuru bado imelala chini na mawe yote yana vivuli virefu. Nikabadilisha nguo nyuma ya jabali, msaidizi amegeuka na mume wangu ameshika kanga kama pazia. Pimbi wawili walitutazama bila haya.

Hapo ndipo nilipomwona yule dada kazini. Alituambia tuelekee upepo unakotoka, maana ukiupa mgongo nywele zote zinakuja usoni. Kisha akatupeleka upande wa magharibi, mahali palipokuwa na jiwe limeinuka kiasi cha kiti, akatuambia tupande juu yake. Nyuma ya lile jiwe kulikuwa na mwamba bapa, hatua kadhaa nzuri, ndipo ukingo. Yeye akashuka kwenye kibonde mbele yetu akalala kifudifudi, kamera ikigusa mawe. Sikuelewa mpaka aliponionyesha kioo. Kutoka chini kule ule mwamba bapa ulikuwa umefutika. Juu ya jiwe ni sisi, na mara baada ya visigino vyetu ni bahari. Picha yangu ya ukingoni, na ukingo wenyewe uko mbali.

Mume wangu naye akaiona. Akapima kwa macho umbali wa nyuma yetu, akapima tena, akapanda. Lakini mwili haukubali hesabu za macho upesi hivyo. Nilisikia mkono wake kiunoni umekuwa mgumu kama mti. Mpiga picha akamwambia asitazame nje, atazame sikio langu, na aseme chochote. Akainamisha kichwa, akaanza kuninong'oneza jedwali la saba.

"Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne."

Niliuma midomo. Alipofika saba mara nane akasema hamsini na nne, kwa uhakika kabisa, nami nikaangua kicheko hadi nikamshika shati nisianguke. Kamera ilikuwa inalia mfululizo. Kwenye ile karatasi ya vijiti hakuna mahali nilipochora kitu kama hicho, na wala sidai kilikuwa kizuri kuliko nilivyopanga. Gauni limekunjamana na mdomo wangu uko wazi kupita kiasi. Lakini ukiitazama picha bila kujua, utaapa kwamba mwanamume yule anamwambia mkewe maneno ya kumtoa nyoka pangoni.

Tulipomaliza tukaelekea mashariki kwenye mnara wa mawe wa Maclear, mita 1,086, kilele chenyewe, ingawa uwanda ule ni tambarare hivi kwamba bila mnara usingejua kwamba umefika popote. Mume wangu alichangamka. Mahali tambarare ni kwake. Njiani kipepeo mkubwa wa kahawia, mwenye ukanda wa rangi ya chungwa, akaja moja kwa moja akajibamiza kwenye gauni langu. Nikamfukuza, akarudi. Kumbe mdudu yule hufuata wekundu, kwa kuwa ndiye huchavusha maua mekundu ya mlimani, yakiwemo ya disa yanayochanua msimu huo kando ya vijito, na mpanda mlima mwenye kofia nyekundu humdanganya vile vile. Mpiga picha hakuwa amenitajia hilo tulipobishana juu ya rangi. Nilipomuuliza alicheka tu akaendelea kupiga.

Mpango ulikuwa kushuka kwa gari la nyaya, lile ambalo sakafu yake huzunguka polepole ili kila abiria aone pande zote. Tulikuwa tunarudi kituoni king'ora kilipolia. Upepo haukungoja saa sita. Watu walianza kukimbia kupanga foleni, na kabla hatujafika mbali tukapata habari kwamba foleni ni ndefu na huenda magari yakasimama wakati wowote. Watalii walikuwa wamenuna. Aliyekuwa na furaha mlima mzima ni mmoja tu.

"Basi tushuke na bonde letu," akasema, na alikuwa amekwishageuka.

Kushuka Platteklip ni adhabu ya magoti, tena jua likiwa limeshafika bondeni. Gauni nililifunga kichwani. Mbele yangu, kama kawaida yake, mume wangu alikuwa anateremka ngazi akipiga mluzi.

Picha zilifika tukiwa tumesharudi nyumbani. Ile ya ukingoni niliituma kwa ndugu, na haikupita saa moja mama mkwe akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu kwenye picha ni mwanangu?"

"Ndiye, mama."

"Aliyekuwa akilia kwenye ngazi ya kupaka rangi dari? Amesimama pale?"

Mume wangu alikuwa ananionyesha kwa mikono nisiseme kitu. Nikamjibu mama kwamba ndiyo, amesimama pale mwenyewe, kwa hiari yake. Upande wa pili kukawa kimya kidogo.

"Alhamdulillahi. Basi mwambie Jumamosi aje, paa langu la jikoni linavuja."

Jumamosi alimpeleka fundi.