Yesaya na mwaka 1008

Shemeji ameshaondoka lakini sauti yake bado imo humu ndani. Harusi ya Tumaini imepita salama, baba watoto kaletewa barua ya uhamisho, hayo nitayaandika siku nyingine. Mimi bado niko pale mezani, pilau linapoa.

"Kwa hiyo shemeji, hilo Agano la Kale lenu limeandikwa mwaka 1008. Baada ya Yesu!"

Nikamwambia huo ni mwaka wa nakala. Akawageukia wenzake: "Mnamsikia? Eti nakala!" Wakaangua kicheko, hata baba watoto, na upole wake wote mnaoujua.

Nakala, ndiyo. Kodeksi ya Leningrad, kitabu kilichoandikwa kwa mkono, Biblia kamili ya Kiebrania ya zamani kuliko zote tulizo nazo, ilinakiliwa Kairo mwaka huo, na mnakili mwenyewe akatia tarehe. Cheti changu cha kuzaliwa nacho nimetoa kopi, wakili kaigonga muhuri juzi. Mimi nimezaliwa juzi?

"Mnamsikia?" Mxiu.

Usiku nikafungua picha za gombo la Yesaya, lile lililopatikana pangoni Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1947. Urefu zaidi ya mita 7, umri wake wanaukadiria kwenye miaka 125 kabla ya Kristo. Nilikuwa natafuta fimbo ya kumchapia. Nikafika sura ya 40, hasira ikaniishia njiani.

Mnakili aliruka maneno. "Majani yakauka, ua lanyauka" yamo mara mbili, mstari wa 7 na wa 8. Jicho lilitoka kwenye la kwanza likatua kwenye la pili, ya katikati yakabaki nje. Baadaye mkono mwingine ukayachomeka juu ya mstari, nafasi ikaisha, yakateremka pembeni. Nilikaa nayo muda mrefu. Aliyeruka hivyo alikuwa na gombo jingine mbele yake, la zamani zaidi, ambalo hatunalo.

Na hapo bado nabii mwenyewe yuko nyuma kwa karne kama sita, na wasomi wengi wanasema kuanzia sura hiyo ya 40 ni maneno ya wakati wa uhamisho wa Babeli. Gombo haliwezi kuwaamulia. Linasema tu kitabu kilikuwepo tayari. Shemeji angeshika hapo angenisumbua kweli, bahati yangu hasomi mpaka mwisho.