Maonyesho ya Babu fundi nakshi: tulipofika na nyumba ya Kiponda

Wale mnaouliza, mradi unakwenda alhamdulillah, ila safari hii kazi kubwa imekuwa nyumba yenyewe ya kufanyia maonyesho, iliyoko mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja. Kwa aliyejiunga karibuni: tunatayarisha maonyesho ya kazi za maisha mazima ya mzee mmoja fundi nakshi wa hapa mjini, mie namwita Babu ingawa si wa damu, kachonga milango tangu kijana na sasa macho hayampi tena kazi ndogondogo. Tabu ya maonyesho yake ni kuwa kazi hazibebeki. Mtu wa picha unamfuata kwake unachukua fremu unatundika basi, lakini mlango ushaingia ukutani, watu wanalala nyuma yake, huendi kung'oa mlango wa mtu mtaa wa Malindi ukauleta Kiponda ati una maonyesho.

Kwahiyo tunachukua alama. Unabandika karatasi nyembamba juu ya mwimo, ule mti wa ubavuni mwa mlango, kwa selotepu, mmoja anaivuta isikunjane, mwengine anapitisha mkaa kwa ubavu pole pole kuanzia chini kule kwenye samaki wa kuchongwa, unapanda na jani kwa jani mpaka unakutana na kizingiti cha juu, halafu ule mnyororo wa ukingoni unauchukua peke yake maana uko kina kingine. Ikitoka vizuri unaona mpaka pale patasi ilipogeuzwa. Wenye nyumba wametupokea vizuri mno, mama mmoja wa Mkunazini alitutolea kahawa na kashata barazani halafu mwenyewe akashika ncha ya karatasi mpaka tukamaliza.

Sasa sikilizeni kilichobadilisha mradi wote. Tulimtandazia Babu zile karatasi sakafuni achague zipi ziingie, akakaa kimya anazitizama, halafu akaniambia, "Mwanangu, usiniandike peke yangu. Mwimo huu wa kushoto kachonga marehemu kaka'angu, mie nimechonga wa kulia na kizingiti. Tizama ncha za majani, zake zina duara, zangu kali." Nikatizama, kweli bwana, ukishaambiwa unaona, mlango mmoja mikono miwili. Akaendelea hivohivo karatasi baada ya karatasi, huu mfaa, mti wa katikati ya mlango, kachonga mwanafunzi wangu, hapa mie nimechora tu akachonga mwengine, hizi mbao za mfenesi kazipasua seremala fulani, zile njumu za shaba, misumari ya urembo, kazifua fulani wa fulani. Nikaandika yote.

Toka hapo kadi za maelezo zote zimebadilika, kila mlango una majina ya kila aliyeugusa, na anayejulikana kwa kazi tu bila jina basi kazi yake inaandikwa. Mie naona hivi ndo haki na wala sitaki mjadala, tumezoea kuona mlango unasifiwa kwa jina la tajiri aliyeulipia na fundi hatajwi kabisa, sasa na sie tukimtaja fundi mmoja tukawaacha waliokaa naye karakana moja tutakuwa tumefanya nini.

Nyumba nayo ina maneno yake. Ni ya mawe na chokaa, dari zake za boriti za mikoko, na mnajua boriti hazina urefu wa kuvuka zaidi ya kama mita 3, ndo maana vyumba vya Mji Mkongwe vyembamba na virefu. Ule mpango wetu wa kusimamisha vitu katikati watu wavizunguke haukubali, mtu atazunguka vipi hapo. Karatasi zitakwenda ukutani kwa urefu wa chumba, ukiingia unaanza na kazi za ujana wake na unatembea nazo, na zile patasi zake, nyundo na paterni za karatasi zimeingia kwenye zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, zimekaa utadhani zidaka zilijengwa kwa ajili yake. Msumari ukutani hakuna, fundi chokaa kakataza, tunaning'iniza kwa kamba.

Fundi huyo huyo kakataa pia tusipandishe juu ule mlango mmoja wa msaji tuliopata kuazima. Kagonga vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani, viwili vimeoza kwa unyevu, na ukuta wa upande ule mtu alishaupiga simenti zamani, simenti haipumui kama chokaa, maji yakakaa ndani. Hatukubishana naye. Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Forodhani la mwaka 1883, sehemu yake ilianguka Disemba 2020 tena wakati inakarabatiwa, na nyumba yetu haina ubavu ule. Mlango unabaki chini, simenti inabanduliwa, chokaa inapigwa upya na lazima tusubiri ikauke ndo karatasi ziingie.

Jambo jengine jipya ni sauti. Msanii Lubaina Himid, mzaliwa wa hapahapa Unguja mwaka 1954, yule aliyechukua tuzo ya sanaa ya Turner 2017, maonyesho yake makubwa ya jumba la sanaa la Tate Modern kule London yaliyofunguliwa 2021 yalikuwa na kazi za sauti alizofanya pamoja na msanii mwenzake Magda Stawarska. Nikasema na sie tunaweza. Tumewarekodi wanafunzi wawili wa Babu wakichonga, na yeye pembeni anawasahihisha, "usisukume, gonga!", itasikika chumba cha juu penye karatasi peke yake.

Kilichobaki: karatasi za milango ya Sokomuhogo, kukagua majina na familia za marehemu kabla ya kuchapisha kadi, na mlango mmoja Babu anaukumbuka kauchonga na kaka'ake, uko upande wa Shangani, samaki wake wawili wametizamana badala ya kufuatana. Tumeutafuta uchochoro kwa uchochoro bado. Mwenye kuujua aniandikie tafadhali, hata kama umeshahamishwa.