Siku moja maishani mwangu: nafunga mfumo wa kuuzia mtandaoni kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Moshi mjini

Watu wakisikia natengeneza mifumo ya biashara mtandaoni wanaona picha ya mtu aliyekaa ofisini penye kiyoyozi, anachagua rangi na kupanga picha, jioni anatuma linki na kudai hela yake. Nyumbani ndiyo kabisa, ndugu zangu hawajaelewa ninachokifanya mpaka leo. Basi nimeandika siku yangu moja ya katikati ya wiki, kama ilivyokwenda, ili anayetaka kuijua kazi hii aone kwamba sehemu kubwa yake inafanyika stoo, kwenye vumbi la saruji, pamoja na watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta.

Saa 11:30 alfajiri nimeamka. Kabla ya kuoga naangalia mambo mawili: oda zilizoingia usiku, na kama nakala ya akiba ya kumbukumbu zote imehifadhiwa. Vyote viko sawa. Saa 1 na robo nimetoka nyumbani Pasua, nikapitia bakuli la mtori karibu na stendi, na saa 2 kamili nilikuwa dukani.

Duka lenyewe liko upande wa Mbuyuni. Mzee mwenye duka ameuza nondo, bati na saruji miaka mingi kwa daftari na kwa jina lake zuri tu. Aliponiita hakutaka tovuti ya kujionyesha. Wateja wake wakubwa ni watoto wa Kilimanjaro wanaoishi Dar, Mwanza, Dodoma na ng'ambo, ambao wanajenga kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yao kule Kibosho, Uru, Marangu, Mwika au Rombo, na wanataka nyumba iezekwe kabla hawajaja nyumbani Desemba. Utaratibu uliozoeleka ni kumtumia hela ndugu au fundi, akanunue. Mzee amesuluhisha ugomvi mwingi wa ndugu uliotokana na hela za bati ambazo hazikufika dukani. Aliniambia, "Mwanangu, nitengenezee kitu ambacho mtu wa Dar atanilipa mimi, mzigo upande mpaka kwa mama yake, na picha imrudie." Ndiyo kazi nzima hiyo, kwa sentensi moja. Kuitimiza ni habari nyingine.

Saa 2:30 nimeingia stoo na mzee anayeitunza. Wote tunamwita babu, nami nikamwamkia shikamoo babu, akaitikia marahaba mama, tukaanza misumari. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mifumo mingi inapofia.

Msumari wa inchi nne unauzwa kwa katoni kwa mkandarasi, kwa kilo kwa fundi, na kwa nusu kilo kwa mama anayetengeneza banda la kuku. Katoni si bei ya kilo mara idadi ya kilo, kwa maana anayechukua nyingi anapunguziwa. Halafu katoni ikifunguliwa, inaacha kuwa katoni na haiuziki tena kwa bei ya katoni. Ukimwachia mtu asiyejua duka apange hili, ataorodhesha bidhaa tatu tofauti: msumari wa katoni, msumari wa kilo, msumari wa nusu. Wiki mbili baadaye mfumo unasema katoni zipo na kilo zimekwisha, wakati mzigo ni uleule uliolala sakafuni. Nilivyopanga mimi, kila bidhaa ina kipimo kimoja cha msingi cha kuhesabia, halafu ina vipimo vya kuuzia, kila kimoja na bei yake. Mzigo unahesabiwa kwa kilo, bei inafuata namna unavyonunua. Babu alinisikiliza, akanyamaza, akasema, "Hivyo ndivyo ninavyohesabu kichwani." Sifa hiyo inanitosha mwezi mzima.

Tukaenda nondo. Nondo ya milimita 12 wapo mafundi wanaoiita nusu inchi, na mteja akitafuta "nondo nusu inchi" asipoiona ataamini duka halina. Kwa hiyo kila bidhaa nimeipa majina yake yote ya mtaani, yasomwe na sehemu ya kutafutia hata kama hayaonekani. Kwenye bati nikaandika maelezo kwa herufi kubwa: geji 30 ni bati jembamba kuliko geji 28. Mtu aliyeko Dar, anayejengea mama yake, akiona 30 anadhani ameongeza ubora. Muuzaji wa kaunta angemwambia ana kwa ana, lakini mtandaoni hakuna wa kumwambia isipokuwa yale niliyoyaandika. Kwenye saruji vilevile, 42.5, yenye nguvu zaidi, kwa nguzo na zege, 32.5 kwa kujengea ukuta na kupiga plasta. Muuzaji mwaminifu anaeleza kabla hajapokea hela, na mimi nataka ukurasa ufanye hivyohivyo.

Saa 4 hadi saa 6 nilikuwa kaunta, nimesimama nyuma ya mama anayepokea hela. Shida yake ni ya kweli. Duka sasa lina milango miwili, kaunta na mtandao. Fundi anaweza kuingia na Fuso akabeba nondo zote za milimita 16, huku mtu wa Mwanza anazo hizohizo kwenye kikapu chake anatafuta salio. Nimeweka kwamba oda ambayo haijalipiwa inashikilia mzigo kwa nusu saa, ikipita mzigo unarudi. Lakini hilo linafanya kazi endapo tu kaunta nayo inauza kupitia mfumo uleule. Mama akaniuliza, "Foleni ikifika mlangoni, nitabonyeza saa ngapi?" Nikamwangalia akiuza. Bidhaa anazouza mara nyingi hazifiki ishirini. Nikazipanga hizo kwenye ukurasa wa kwanza, kila moja kitufe kikubwa, idadi, basi. Alipojaribu mwenyewe na wateja wamesimama mbele yake, hakuna aliyenung'unika.

Umeme ulikatika karibu na adhuhuri, tukahamia kwenye betri, nikala machalari nimesimama.

Sasa niseme ya mchana.

Ilikuwa inakaribia saa 8. Simu ya mzee ikaita, akasikiliza, akanipa. Mwanaume, yuko Dar, anajenga Kibosho. Amelipia mifuko ya saruji na nondo kwa simu, hela imekatwa, ila oda yake inasoma "inasubiri malipo". Hakunisalimia. "Dada, ni wewe uliyeweka hiki kitu? Hela yangu iko wapi?" Nikamwomba namba ya muamala, akaisoma kwa haraka kama anagombana nayo, nikaangalia. Kwetu hakuna kitu.

Nieleze kinachotokea hapo katikati, maana wengi hawakioni. Ukibonyeza "lipa", ujumbe unakuja kwenye simu yako, unaweka namba ya siri, mtandao wako wa simu unakata hela. Duka halijui bado. Mtandao unaiarifu kampuni ya kati inayotuunganisha na mitandao yote, nayo inaiarifu seva yetu, kompyuta inayoendesha mfumo wa duka. Taarifa ikikwama kwenye hatua yoyote, mteja anajua amelipa na duka halijui, na wote wawili wanasema kweli.

Yule bwana akatuma picha ya meseji ya malipo. Mzee akaiona, akasema, "Mpe mzigo, baba yake namfahamu." Nikakataa, kwa heshima, lakini nilikataa. Meseji ya malipo inaghushiwa kwa dakika mbili, wafanyabiashara wa mji huu wameshalizwa nayo, na siku mfumo utakapokubali picha ya meseji ndiyo siku utakapoacha kuwa mfumo. Nikauliza hali ya muamala kwa njia ya kompyuta, jibu likaja kwamba unashughulikiwa. Nikapiga simu huduma kwa wateja ya ile kampuni ya kati. Nikasikiliza muziki. Nikaambiwa linafanyiwa kazi.

Akapiga tena. Akapiga tena. Safari moja akaniambia mimi ni mwizi, nikamjibu, "Kaka, hela yako haijapotea, nakaa nayo mpaka nijue ilipo," na nilimaanisha. Huku nje Fuso lilikuwa limeshapakiwa, dereva anaangalia mlimani, wingu limeshuka mpaka chini na barabara ya mwisho ya kule ni udongo. Kila baada ya muda anaingia: "Dada, twende au tushushe?" Miguu ilikuwa inawaka, mgongo umekakamaa, na betri ya kompyuta imebaki kidogo. Katika saa zile hakuna ninachoandika wala ninachotengeneza. Nasimama tu kati ya mtu mwenye hasira ya haki na mtu mwenye haraka ya haki.

Taarifa ilifika saa 10 na ushee. Oda ikageuka kijani, risiti ya EFD, mashine ya kodi, ikatoka, Fuso likaondoka. Dakika chache baadaye taarifa ileile ikaja mara ya pili, maana kampuni nyingi za malipo zikihisi hazikusikika zinarudia kutuma. Hapo ndipo ninapojivunia kazi yangu. Kila muamala unaingia kwa namba yake, na namba ikishaingia haiingii tena. Bila hivyo, vitabu vya mzee vingesema bwana yule amelipa mara mbili, na kwa mfumo uliofungwa kwa haraka, mzigo ungepelekwa mara mbili. Hakuna mteja atakayekisifia kitu hicho, kwa kuwa hakionekani. Ndicho kilichonichukua muda kuliko kurasa zote zenye picha.

Yule bwana akapiga mara nyingine. Safari hii anauliza kwa nini nauli ya mzigo kwake inazidi ya rafiki yake aliye mbali zaidi. Nikamweleza kwamba nauli hatukuipanga kwa kilomita. Nilikaa na dereva, tukapitia kata moja moja: lami inaishia wapi, kilima gani Fuso halipandi wakati wa mvua, wapi lazima mzigo uhamishiwe kwenye kirikuu, gari dogo la mizigo. Yeye ndiye aliyetaja bei na sababu zake, mimi niliandika. Yule bwana akanyamaza kidogo, akasema sawa.

Kuna jambo dogo tulibishana na mzee jioni hiyo. Alitaka oda zote zirushwe kwenye kundi la WhatsApp la madereva, na majina, namba za simu na ramani za nyumba za wateja. Nikamwambia mzee, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu, na hata isingekuwepo, nyumba ya bibi anayeishi peke yake kihambani haitangazwi kwenye kundi la watu. Dereva anaona safari yake tu, na ikikamilika namba inafutika kwenye simu yake. Alikubali, ila alikunja uso.

Giza lilikuwa limeingia picha ilipofika. Kule juu mtandao unakuja na kupotea, kwa hiyo programu ya dereva inahifadhi picha kwenye simu na kuituma yenyewe mtandao ukirudi. Mifuko imepangwa juu ya mbao, isigusane na ardhi, turubai limefunikwa nusu, migomba nyuma, na mbele kipande cha boksi kimeandikwa namba ya oda kwa chaki. Aliyepokea ni mama yake yule bwana. Ana simu ndogo ya kitochi, hana haja ya programu yoyote: mwanawe alitumiwa tarakimu nne, akampigia mama akamtajia, mama akamtajia dereva, oda ikafungwa kwamba imefika. Kipengele hicho tulikipanga kwa ajili ya watu kama yeye, na leo kimefanya kazi gizani, kwenye tope.

Nyumbani nimefika sijui saa ngapi, saa 3 labda. Nimeandika kitu kimoja tu: malipo yakikaa dakika kumi bila taarifa, kaunta inaonywa, ili duka limpigie mteja kabla mteja hajalipigia duka. Nimekijaribu mpaka kikakaa sawa. Kuna watu humwambia mzee kwamba yupo kijana anayefunga mfumo kamili kwa laki tatu, na mzee ananiletea habari hizo bila ubaya wowote. Huwa namwambia amuulize huyo kijana taarifa ya malipo ikija mara mbili inakuwaje.

Saa 4 na nusu usiku mzee akatuma ujumbe wa sauti: saruji imepanda, bei ibadilike kabla duka halijafunguliwa. Nimebadilisha. Ambao tayari wako kwenye kulipa wamebaki na bei waliyoiona, maana ndiyo waliyokubaliana na duka. Nikamjibu tayari mzee, nikazima kompyuta. Kesho tunaingia kwenye mabomba, na babu ameshanionya kwamba yana majina mengi kuliko misumari.