Siku moja maishani mwangu: kabla ya kusema dawa imeshindwa

Saa 2 asubuhi. Napitia mafaili ya wagonjwa wa leo. Moja lina wino mwekundu: "Dawa haifanyi kazi, dozi iongezwe." Mimi ni mfamasia, na maneno hayo sikubali kuyapita hivi hivi.

Saa 3. Mwenye faili anaingia, mama mtu mzima. Tezi yake ya shingo haizalishi homoni ya kutosha, kwa hiyo anatumia levothairoksini. Dozi imeshapandishwa mara mbili, vipimo viko palepale.

"Mama, hebu nionyeshe unavyomeza."

Anafungua kikasha chake na kumimina vidonge vya asubuhi kiganjani: kile kidogo cha tezi, na pembeni yake kimoja kikubwa cha kalsiamu. Vyote kwa funda moja la maji. Kumbe! Kalsiamu huinasa dawa ile tumboni, ikafyonzwa kidogo tu. Vidonge vya chuma navyo ni vivyo hivyo. Vinatakiwa viachane kwa saa 4, na hakuna aliyemweleza. Aliyekosea hapa si yeye.

Saa 5. Mgonjwa wa pumu. Anabonyeza pampu kabla hajaanza kuvuta pumzi, dawa yote inaishia kinywani. Tunarudia pamoja mpaka anapatia.

Saa 8 mchana. Kijana mwenye sonona. Anajibu kila swali kwa "ndiyo", macho chini. Namwambia kwamba wengi huacha dawa hizi, na sitamgombeza. Ananyamaza kidogo, kisha: "Niliacha siku ya kumi. Kichefuchefu kilinizidi, na sikuona nafuu." Nimeumia, maana tungeweza kumwandaa. Madhara huja siku za mwanzo. Nafuu huchukua wiki kadhaa. Namweleza pia kuwa hata anayemeza bila kukosa huenda akahitaji dawa nyingine: katika utafiti wa STAR*D wa Marekani, uliotoa matokeo mwaka 2006, takriban theluthi moja tu walipona dalili kwa dawa ya kwanza. "Kwa hiyo si mimi niliyeharibika?" Hapana, mwanangu. Tunakwenda wote kwa daktari wake.

Saa 11 jioni. Nalirudia faili la asubuhi. Chini ya wino mwekundu naandika: "Ilikuwa ikimezwa pamoja na kalsiamu. Napendekeza dozi isiongezwe kwanza. Zitenganishwe, apimwe tena baada ya wiki 6."